Kufa Kufaana: Mwongozo wa Mpiga Picha wa Usiku Mteremkoni Soin

Kama wewe ni kijana wa Soin, umemaliza kozi ya uanahabari, vyeti vimelala ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro, na miwa ya baba imekatwa lakini pesa yake haijaonekana, basi mwongozo huu ni wako. Mtaji unaohitajika ni simu yenye kamera, gamboti, na moyo ambao utauacha nyumbani uangalie ng'ombe.

Kitabu chetu cha kiada ni filamu. Inaitwa Nightcrawler, ilitoka Marekani mwishoni mwa Oktoba 2014, na aliyeiandika na kuiongoza ni Dan Gilroy. Jake Gyllenhaal, aliyejikondesha mpaka macho yakabaki makubwa kuliko uso, anaigiza Lou Bloom, mwizi wa vyuma chakavu katika jiji la Los Angeles. Usiku mmoja Bloom anapita penye ajali, anaona watu wenye kamera wakirekodi majeruhi kama wanaorekodi harusi, na anagundua kwamba damu ina soko. Anaiba baiskeli, anaibadilisha dukani kwa kamera ndogo, kisha anaanza kuwahi ajali na mauaji na kuuza picha kwa kituo cha televisheni kabla ya taarifa ya asubuhi. Wachambuzi waliisifu sana. Gilroy aliteuliwa kuwania Oscar kwa mswada wake. Mimi niliitazamia Kipsitet, ndani ya banda la video ambalo viti vyake ni mbao juu ya matofali, pamoja na vijana kama kumi wa bodaboda, na wote tulitoka tumenuna.

Kilichotununisha kwanza ni stelingi. Sisi huku tumelelewa na DJ Afro, msimulizi wa filamu za mabandani. Tunajua stelingi ni nani tangu dakika ya pili, tunajua hafi, na tunajua adui atachezea kichapo mwishoni hata kama ana jeshi. Sasa hapa stelingi ndiye adui. Tukasubiri apigwe. Bloom anaharibu gari la mshindani wake, mshindani anaumia vibaya, Bloom anamrekodi akiwa kwenye machela. Tukasubiri. Anamwingiza kijana wake wa kazi, Rick, mahali penye risasi, kijana anapigwa, Bloom anamrekodi akikata roho. Tukasubiri tena. Filamu ikaisha Bloom akiwa na magari mapya na wanagenzi wapya, anawahutubia kama mkurugenzi wa sacco. Kijana mmoja nyuma alidai arudishiwe shilingi zake ishirini.

Lakini kilichonikera mimi zaidi ni kwamba filamu ile inatuhakikishia kwamba kazi hii inahitaji kiumbe wa ajabu. Mtu asiyepepesa macho, asiye na rafiki wala mama, anayeongea kama aliyemeza vitabu vya semina bila maji. Karibu saa mbili nzima tunatishwa na mtu mmoja. Mmoja! Mkazi wa barabara ya Kericho kwenda Kisumu anajiuliza huyu anatisha nini. Huku kwetu lori likilala, watu arobaini wanafika kabla ya trafiki, na simu arobaini ziko juu. Hakuna mwizi wa vyuma kati yao. Kuna shemasi, kuna mwalimu, kuna mama wa chama na kuna mgombea udiwani. Lou Bloom akija Kipsitet atakosa hata pa kusimama, na mtu atamwambia kwa adabu, "Ndugu, unanizibia."

Kwa hiyo usiwe na hofu kwamba huna roho mbaya ya kutosha. Haihitajiki. Tuanze.

Mahali kwanza. Bloom anazurura usiku kucha katika jiji kubwa, anachoma petroli, anakunja kona kwa kasi mpaka Rick anashika mlango. Wewe keti. Soin kwa Kikalenjin ni nchi ya chini, nchi ya joto, na huo mteremko ndio mwajiri wako. Kule juu ni Kericho, majani ya chai hadi upeo wa macho na mvua ya alasiri inayokuja kama imepiga saini. Lami ina utelezi, ukungu unakaa mabondeni. Halafu barabara inaanza kushuka, chai inaisha, miwa inaanza, joto linapanda, na dereva wa trela aliyetoka Mombasa bila kulala anagundua kwamba breki zimechoka kuliko yeye. Mbele yake ni tambarare za Kano. Kati yake na tambarare ni kona, matatu iliyosimama kushusha abiria, na kina mama wenye majiko ya mahindi hatua mbili kutoka kwenye lami. Chagua kibanda cha chai kinachotazama kona. Agiza chai moja, uinywe polepole.

Tukiwa bado kwenye mambo ya mahali: usione tu barabara yetu. Ng'ambo kidogo ni Fort Ternan, ambako alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018 basi lililotoka Nairobi kwenda Magharibi lilibingirika, paa likang'oka, wakafa watu zaidi ya 50. Pale pale Fort Ternan, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Louis Leakey alichimbua mabaki ya kiumbe aliyempa jina Kenyapithecus wickeri, aliyeishi takriban miaka milioni 14 iliyopita. Mifupa ile ilisubiri miaka yote hiyo na hakuna aliyeiharakisha. Ilipotoka ilipanguswa kwa brashi, ikaandikwa namba, ikawekwa kwenye sanduku. Sijawahi kusikia maiti ya barabarani ikitendewa taratibu hivyo.

Vifaa. Bloom anapata redio ya kunasa mawasiliano ya polisi na anajifunza kwa moyo namba zao za siri. Ni ujuzi wa zamani. New York ya miaka ya 1930 ilikuwa na Arthur Fellig, aliyejiita Weegee, ambaye mwaka 1938 alipata kibali cha kuwa na redio ya polisi ndani ya gari lake, na alikuwa na chumba cha kusafishia picha kwenye buti. Gilroy mwenyewe alianza kwa kumfikiria huyo Weegee. Wewe utamcheka. Una bodaboda. Bodaboda mmoja akiona vioo kwenye lami Kapsoit, habari inafika Sondu kabla hajashusha abiria. Zaidi ya hapo una magrupu: la ukoo, la kanisa, la wanafunzi wa zamani, la wakulima wa miwa, na grupu la mchango wa mazishi. Hilo la mwisho ndilo la maana kupita yote, kwa sababu picha ya maiti hupita humo saa mbili usiku na nambari ya kutuma mchango hupita humo saa tatu, na hakuna anayeona kwamba ni grupu lile lile.

Simu iwe na chaji. Bando lisiwe la saa moja, maana ajali haina ratiba. Kuhusu tochi ya simu nitakueleza mwishoni. Ina hila yake.

Ukifika eneo la tukio, usiulize walioumia ni akina nani. Uliza wangapi. Hili ni swali la kitaalamu. Katika filamu kuna mama mmoja, Nina, anayesimamia habari za kituo kinachoburuta mkia, Rene Russo amemwigiza vizuri kuliko filamu ilivyostahili. Nina anamweleza Bloom bila haya ni maiti wa mtaa gani anayeuzika: awe wa mtaa wa wenye nazo, mweupe, na aliyemdhuru awe maskini anayetoka mtaa mwingine. Watazamaji wa Marekani walishtuka. Sisi bandani tulimwelewa mara moja, kwa sababu tuna mizani yetu. Maiti mmoja wa Soin ni tangazo la jioni kwenye redio ya Kikalenjin, katikati ya wimbo na bei ya maziwa. Maiti watatu wanaweza kufika kwenye maandishi yanayotembea chini ya skrini Nairobi. Kuanzia kumi hivi, wanatuma gari. Mhariri akikupigia, swali lake la kwanza ni hilo, la pili ni kama kuna mzungu, na la tatu ni kama una video ya wakati lori linaanguka, kana kwamba ulipanga nalo.

Na siku nyingine idadi huwa kubwa mpaka swali lenyewe linaona aibu. Ijumaa ya tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori lililobeba kontena lilitoka barabarani kwenye makutano ya Londiani, katika kaunti hii yetu ya Kericho. Likapita juu ya matatu, juu ya bodaboda, juu ya wachuuzi waliokuwa wanafunga biashara za siku. Watu 52 wakafa. Waziri wa Barabara wakati huo, Kipchumba Murkomen, akasema masoko yaondolewe kandokando ya barabara kuu. Kabla usiku haujaisha, video za pale zilikuwa zimeingia kwenye simu za nchi nzima. Mimi nilipata tatu. Moja ilitumwa na mtu ambaye Jumapili iliyotangulia alikuwa amesoma neno mbele ya kanisa, na chini yake ameweka mikono miwili iliyofumbatana na maneno "tuwaombee". Nilifungua. Nilitazama mpaka mwisho, kisha nikarudia ili nione kama kuna ninayemjua. Hiyo ndiyo sababu tunayojipa, na ni sababu nzuri, inafanya kazi kila mara.

Basi ukirekodi, zingatia maadili. Ziba uso wa marehemu kwa ukungu ili uonekane mtu aliyesoma. Sweta usiizibe. Wako kina mama katika nchi hii walioujua msiba kwa sweta: rangi ya uzi, kiraka cha kiwiko, kifungo kimoja kisichofanana na vingine kwa sababu walikishona wao wenyewe. Kitambo habari ya kifo ilikuwa na miguu. Ilitembea. Walitumwa wazee wawili, wakafika, wakakaa, wakapewa chai, wakauliza habari za mvua, na mama akajua kwa jinsi walivyovishika vikombe. Hata redio ilikuwa na heshima zake: Kass au Chamgei ingetaja kwanza jina, kisha baba, kisha kijiji, na tangazo lilipelekwa na familia yenyewe. Siku hizi habari haina haja ya chai. Inaingia mfukoni mwa mama akiwa shambani, inatetemeka mara moja.

Sheria isikutie hofu. Kanuni za maadili zilizokuja na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 zilimtaka mwandishi awaendee kwa busara na staha watu walio katika majonzi na mshtuko. Ni maneno mazuri sana. Yanamhusu mwenye kadi ya uanahabari. Wewe huna kadi, hongera.

Ukitaka kujua jinsi sisi wenyewe tunavyochukia mambo haya, kumbuka Januari 2019. Magaidi walivamia hoteli ya DusitD2 pale Riverside, Nairobi, watu 21 wakauawa, na New York Times likachapisha picha ya waliouawa wakiwa bado kwenye viti vya mkahawa. Wakenya tukawaka. Tukaandika, tukasaini, tukadai mwandishi afukuzwe nchini. Baraza la Vyombo vya Habari likalitaka gazeti liiondoe picha. Hoja yetu ilikuwa ya haki kabisa: wangeweka hivyo maiti wa New York? Nami nilikuwemo, niliandika maneno makali. Niliyaandika kwa simu ambayo, kurasa mbili tu nyuma, ilikuwa na picha mbaya kuliko ile, zilizotumwa na binamu. Sikuzifuta. Nilikuwa na hasira nyingi, nafasi ya kufuta haikupatikana.

Sasa sanaa ya kupanga picha. Bloom anaingia nyumba iliyopigwa risasi, anazihamisha picha za familia kwenye mlango wa friji ili zikae karibu na matundu. Baadaye anamburuta maiti wa ajali mpaka penye mwanga mzuri. Ni kazi ya mikono, inachosha mgongo. Njia yetu ni kiatu. Tafuta kiatu kimoja cha mtoto, kiweke katikati ya lami, kamera iwe chini, taa za ving'ora nyuma ziwe ukungu mwekundu. Ikiwa katika ajali hapakuwa na mtoto, soko la mitumba lipo.

Malipo nitayapitia haraka kwa kuwa yenyewe hupita haraka. Video ya kwanza ya Bloom inamletea dola 250. Rick naye analipwa dola 30 kwa usiku mzima. Tulipofika hapo bandani palitokea kelele, kwa sababu kila mmoja wetu alimwonea Rick wivu. Mwandishi wa mashinani hulipwa kwa habari iliyotumika, si kwa habari iliyopelekwa, na hulipwa wakati kituo kimekumbuka. Pesa ikiingia kwenye M-Pesa, Fuliza inaipokea mlangoni. Ndiyo maana mwandishi wa kaunti huishi kwa nauli, ile anayopewa na mheshimiwa baada ya hafla ndani ya bahasha, na ndiyo maana mazishi ya watu wakubwa yana kamera nyingi na mazishi ya muuza mahindi hayana hata moja. Filamu haikuliona hili. Inadhani Bloom ni mbaya kwa sababu ana njaa ya pesa. Huku picha tunazirusha bure. Mwenye njaa angalau ana sababu.

Kuna hatua nyingine ambayo nimeiandika kwa penseli. Katika filamu, Bloom anafika kwenye nyumba ya mauaji kabla ya polisi, anawarekodi wauaji na gari lao, halafu anaificha sehemu hiyo ya video. Anawatafuta mwenyewe, anasubiri wafike mahali penye watu wengi, ndipo anapiga simu polisi, ili apate picha ya mapambano. Ni mpango mzito. Kule Manaus, Brazil, haukuishia kwenye filamu: mwaka 2009 mtangazaji wa kipindi cha uhalifu aliyekuwa pia mbunge wa jimbo, Wallace Souza, alituhumiwa kuagiza mauaji ambayo kamera zake zilikuwa za kwanza kuyafikia. Alikana, na akafa mwaka 2010 kesi ikiwa haijaisha. Mpango mkubwa namna hiyo, na wewe unaweza kumpita Bloom kwa maneno matatu.

Chukua picha yoyote ya nyumba inayoungua. Iwe ya mwaka wowote, ya nchi yoyote, mradi ni ya nyasi au mabati. Andika chini yake "Sondu sasa hivi". Kisha tuma. Sondu ni soko letu na la majirani zetu, Wakipsigi upande huu na Wajaluo upande ule, ndizi na mbuzi na samaki katika uwanja mmoja, na mpaka wa kaunti ukipita katikati kama mstari wa chaki. Mwaka 2023 watu waliuawa pale na nyumba zikaungua kwelikweli. Bloom alihitaji muuaji, gari, bastola na polisi. Wewe unahitaji mtu mmoja mwenye rungu aliyekosa usingizi.

Hii usiifanye. Hapo nimetoka kwenye kejeli dakika moja, sasa nimerudi.

Watakuja watu kukuvunja moyo kwa mifano. Watakutajia Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, akaanzisha Camerapix na kujiajiri kwa kamera miaka mingi kabla neno kujiajiri halijawa wimbo wa serikali. Naye aliwahi vifo: Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, Amin aliwahi na kamera. Oktoba 1984 akaenda Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, akarekodi njaa ambayo dunia ilikuwa imeigeuzia mgongo, na dunia ikageuka. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ukamkata mkono. Akarudi kazini na mkono wa bandia. Alikufa Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Usimwige. Kosa lake liko wazi: alipeleka kamera mahali ambapo hapakuwa na watu wa kutosha wanaotazama. Wewe unaipeleka mahali ambapo wote wanatazama na hakuna aliyeshika mguu wa majeruhi.

Au watakutajia mambo ya hapa hapa nyumbani. Februari 2023 BBC ilionyesha kilichorekodiwa kwa kamera ya kificho ndani ya mashamba makubwa ya chai ya Kericho: wasimamizi wakidai ngono kwa wanawake ili wawape kazi. Zaidi ya wanawake 70 walikuwa wamesimulia. Kamera ile nayo iliingia kwa udanganyifu, nayo ilirekodi watu bila ruhusa, na Lou Bloom angeipigia makofi kwa ujanja. Lakini angalia hasara yake. Mtu alilazimika kuomba kazi, kuamka alfajiri, kubeba kikapu, na kukaa na hofu siku baada ya siku, ili uso utakaoonekana uwe wa mkosaji na nyuso za waliokosewa zibaki salama. Huo ni muda. Wewe una bando la hadi usiku wa manane.

Sasa tochi.

Usiku mmoja wa mvua, kabla sijawaza kuandika miongozo, kanta iliyobeba kabeji ilitoka barabarani chini kidogo ya Kipsitet na kulala ubavu kwenye mtaro. Nilikuwa wa nne au wa tano kufika. Kabeji zilikuwa zimetapakaa hadi ng'ambo, na zingine bado zinabingirika. Taniboi alikuwa ametoka, ameketi juu ya nyasi, anahesabu vidole vyake. Dereva alikuwa ndani. Mama mmoja anayeuza mahindi pale kwenye kona alikuwa amepitisha mkono kwenye kioo kilichovunjika, amemshika dereva kiganja, anamsemesha Kikipsigi taratibu kama anayembembeleza ndama. Vijana wawili walikuwa wanapapasa gizani watafute kilichombana mguu.

"Mwanangu," mama akaniambia bila kugeuka, "mulika hapa."

Nikamulika. Tukaona pedali imejikunja juu ya kifundo cha mguu, na kijana mmoja akasema leteni chuma. Ndipo kidole gumba changu, ambacho kimesomea uanahabari, kikafungua kamera.

Simu yangu ni ya bei ya chini. Ukifungua kamera, tochi inajizima yenyewe. Hiyo ndiyo hila niliyokuahidi. Ijaribu yako kabla hujaingia kazini.

Video ina sekunde 11. Haionekani kitu chochote, ni weusi na mvua. Sauti zinasikika vizuri sana. Mtu anasema, "Nani amezima?" Mwingine anatoa neno ambalo siwezi kuliandika. Dereva analia mara moja, fupi. Halafu mama, kwa sauti ile ile ya ndama: "Mwanangu, bado uko?"

Dereva alitoka hai. Mguu uliunga vibaya kidogo, na bado anabeba kabeji katika barabara ile ile. Mama wa mahindi akiniona ananiita yule wa tochi, na sijaelewa kama ni sifa.

Video niliituma, bila shaka. Saa sita usiku, nikiwa nimelowa, kwa mhariri wa kituo fulani ambaye namba yake nilikuwa nimeihifadhi tangu chuoni. Alinijibu asubuhi: "Ni giza tupu. Wangapi?"

Nikamwandikia: hakuna aliyekufa.

Tiki mbili za bluu. Mpaka leo hajajibu.